Mwendo wa Aliye Dhaifu: Uchovu Baada ya Upasuaji wa Mfupa na Swali la Wajibu

Upasuaji wa mfupa huacha nyuma yake hali ambayo tiba huieleza bila shida lakini jamii huihukumu kwa mashaka. Mtu aliyevunjika paja, akawekewa chuma, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba mfupa umeanza kuunga, bado anaweza kuamka asubuhi akiwa hana nguvu hata ya kumaliza bakuli la uji, sembuse kushika jembe. Kidonda kimefunga, maumivu yamepungua, majirani wamekwisha kumshukuru Mungu pamoja naye, lakini uchovu umebaki palepale. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo daktari peke yake hawezi kulimaliza: mtu huyu ni mgonjwa au ni mzima? Kama ni mgonjwa, atunzwe mpaka lini? Na kama ni mzima, ana udhuru gani wa kukaa kivulini wakati wenzake wanapalilia? Makala hii inalichunguza swali hilo katika mazingira ya wilaya za Karatu na Ngorongoro, na inatetea rai kwamba uchovu wa kupona ni kazi ambayo mwili unaifanya bila kuonekana, kwa hiyo anayeubeba hana deni la kulipa kwa haraka, na wanaomzunguka wana wajibu wa kuupima mwendo wao kwa uwezo wake.

Ni vyema kuanza na mwili wenyewe, kwa sababu hukumu nyingi za kimaadili juu ya mchovu hutokana na kutojua kinachoendelea ndani yake. Chuma anachowekewa mgonjwa hakiungi mfupa. Huushikilia tu mpaka ujiunge wenyewe. Katika siku za mwanzo damu iliyovuja huganda mahali palipovunjika, na seli za kinga hukusanyika kuondoa tishu zilizokufa. Katika wiki zinazofuata hujengeka kiungo laini cha gegedu, ambacho polepole hujazwa madini na kuwa mfupa mgumu. Kisha mfupa huo mpya huendelea kuchongwa na kupangwa upya kwa miezi mingi, na pengine kwa miaka. Ujenzi wote huo hulipiwa kwa protini, madini na nguvu za mwili uleule uliojeruhiwa. Paja linapovunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kuvujia ndani ya misuli pasipo tone kuonekana nje, na chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120, hazijazwi upya kwa juma moja wala mawili, hasa pale chakula kinapokuwa na upungufu wa madini ya chuma. Seli za kinga nazo hutoa saitokini, yaani kemikali za kupashana habari, ambazo huongoza uponyaji na wakati huohuo huuathiri ubongo na kuleta usingizi, kukosa hamu ya kula na kutotaka kujishughulisha. Ukiongeza misuli iliyonywea kwa kulala, usingizi unaokatizwa na maumivu, dawa zinazolevya, na magongo yanayofanya kila hatua iwe na gharama kubwa kuliko hatua ya kawaida, uchovu unaacha kuwa fumbo.

Mzigo huo una asili ya kale, na ushahidi wake umelala katika ardhi ya Ngorongoro yenyewe. Huko Laetoli, katika eneo la Endulen, kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 hivi iliyopita, wakubwa na wadogo wakiwa wamefuata uelekeo mmoja. Kutembea wima kuliiacha mikono huru, lakini kuliweka uzito wote wa mwili juu ya miguu miwili, hivi kwamba mmoja ukivunjika unabaki mmoja tu. Mnyama wa miguu minne anaweza kuchechemea kwa mitatu, ilhali mwanadamu aliyevunjika mguu hana budi kutegemea gongo, ukuta au bega la mwenzake. Kwa maana hiyo, kumhitaji mwingine wakati wa kupona kumo katika umbo lenyewe la mwanadamu, na anayemwona mgonjwa wa mfupa kuwa tegemezi kwa sababu ya tabia yake amesahau jinsi yeye mwenyewe anavyosimama.

Wanaofikwa na hali hii katika wilaya hizi mbili ni watu wa kila namna: dereva wa bodaboda na abiria wake, mkulima aliyeanguka na gunia, mchungaji aliyejeruhiwa na nyati, bibi aliyeteleza akavunjika nyonga, na mtoto ambaye mifupa ya miguu yake imepinda kwa sababu ya floraidi, madini yanayopatikana kwa wingi katika maji ya maeneo mengi ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Karatu kuna hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na kituo cha FAME kilichoanza kupokea wagonjwa mwaka 2008. Endulen kuna hospitali ya Kanisa Katoliki inayowahudumia wafugaji ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Mivunjiko mizito, hata hivyo, hupelekwa mara nyingi Arusha, au katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu, au hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hospitali hizo humshughulikia mgonjwa kwa siku au wiki chache, kisha miezi iliyobaki, ambayo ndiyo miezi ya uchovu, huishia katika nyumba isiyo na muuguzi, kwenye ardhi ya miteremko, ambako maji, kuni na mifugo havimsubiri mtu.

Ndani ya nyumba hiyo ndimo mizani ya maadili inapoanza kufanya kazi. Waswahili husema mgeni mhudumie siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na methali hiyo imebeba falsafa nzima ya ukarimu wenye mpaka: jamii humpa mtu heshima ya kupumzika, lakini haimruhusu aigeuze heshima hiyo kuwa makazi. Fikra hiyohiyo iliingia katika siasa ya taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika kueleza jamii isiyo na unyonyaji, lilikubali kwamba wapo watu wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine, likawataja watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi. Orodha hiyo ina utu mwingi, lakini mtu anayepona haonekani ndani yake waziwazi. Yeye si mtoto wala si mzee. Ulemavu wake unatarajiwa kuisha. Na kazi ipo, inamngoja shambani. Amesimama kati ya makundi, na asiye na kundi hukosa pia jina la kumtetea, kwa hiyo huishia kupewa majina ya kumshutumu: anadeka, anajilegeza, amezoea kuhudumiwa.

Sheria ya kazi imejaribu kuliziba pengo hilo kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anayefaidika nayo ni mtu mwenye mwajiri, kama vile mwalimu, karani au mhudumu wa hoteli mwenye mkataba. Mlima vitunguu wa Mang'ola, mchungaji wa Endulen na kijana mwenye pikipiki ya mkataba hawana wa kumpelekea cheti cha daktari, na uchovu wao hauna siku zilizohesabiwa na mtu yeyote. Kwao swali la muda wa kupumzika halina hakimu ila dhamiri yao na ulimi wa majirani.

Ugumu wa hukumu hiyo unatokana na dhana ya afya ambayo watu wengi huibeba bila kuichunguza, yaani kwamba ugonjwa ni shimo ambalo mtu huingia na kutoka akiwa yuleyule aliyeingia. Mwanafalsafa na tabibu Mfaransa Georges Canguilhem, katika tasnifu yake ya mwaka 1943 juu ya hali ya kawaida na hali ya maradhi, aliipinga dhana hiyo kwa kuonyesha kwamba afya ni uwezo wa kiumbe kujiwekea taratibu mpya za kuishi mazingira yanapobadilika, na kwamba kupona hakumrudishi mtu kabisa katika hali aliyokuwa nayo kabla. Kwa mtazamo huo, mkulima aliyejifunza kulima nusu saa kisha akaketi, akagawa palizi ya siku moja katika siku nne, na akamwomba jirani ambebee debe la maji, ameanza kuwa mzima kwa maana ya ndani kuliko yule anayejilazimisha kumaliza ekari kwa meno yaliyokazwa. Wa kwanza amepata utaratibu mpya unaoutosha mwili wake, na wa pili bado anamtii mtu ambaye hayupo tena.

Imani ya dini inaweza kumfariji mchovu, lakini inaweza pia kumwongezea mzigo, hasa pale uponyaji unapofikiriwa kuwa ni tukio la mara moja. Wilaya ya Ngorongoro ina mfano unaokumbukwa na Afrika Mashariki yote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kupokea kikombe cha dawa ya mizizi kutoka kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila; kikombe kilinywewa mara moja tu, kwa shilingi 500, na magari yalipanga foleni ndefu katika barabara ya vumbi. Kinachohusu makala hii ni sura ya uponyaji iliyowavuta watu wengi hivyo, zaidi kuliko dawa yenyewe: saa moja ya kukata shauri, baada yake mtu ni mzima, na anayeendelea kujihisi mgonjwa amepungukiwa imani. Sura hiyo haikuanzia Samunge wala haikuishia huko. Imo katika kila ibada ya shukrani ambamo aliyetoka hospitali husimamishwa atoe ushuhuda, na yeye, kwa kuogopa kuonekana hana shukrani, husema amepona kabisa, kisha hurudi nyumbani kulala akiwa na aibu ya uchovu ambao sasa hawezi kuutaja mbele ya mtu.

Maandiko yenyewe hayamlazimishi kuficha. Injili ya Marko, katika sura ya 8, inasimulia juu ya kipofu wa Bethsaida aliyeponywa kwa hatua mbili, ambaye baada ya kuguswa mara ya kwanza alisema ukweli kwamba bado haoni sawasawa, na ukweli huo haukuhesabiwa kuwa ni uasi, bali ulifuatwa na mguso wa pili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya, akiwa amechoka hadi kuomba kufa, hakukemewa wala kuhubiriwa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale tena, akaamshwa na kupewa chakula mara ya pili kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu, na mazungumzo juu ya kazi yake yakaja baadaye. Katika masimulizi yote mawili Mungu haonekani kuwa na haraka waliyo nayo wanadamu wanaotaka mwenzao athibitishe muujiza.

Sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na Waislamu wa mji wa Karatu kama kwingineko, imelitendea jambo hili kwa utaratibu ulio wazi zaidi kupitia dhana ya rukhsa, yaani wepesi anaopewa mtu katika hukumu ya kawaida kwa sababu ya udhuru. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali kwa ubavu. Mgonjwa wa Ramadhani hulipa funga katika siku nyingine. Na Suratul Fat-h, katika aya ya 17, inawaondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa katika jambo zito kama kwenda vitani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inaongeza kwamba mgonjwa na msafiri huandikiwa thawabu za matendo waliyokuwa wakiyafanya walipokuwa wazima na walipokuwa nyumbani. Hadithi hiyo inavunja mzizi wa hatia ya mchovu, kwa sababu thamani ya mtu haikatiki siku kazi yake inapokatika. Anachohesabiwa ni mwelekeo wa maisha yake, na mwelekeo haupotei kwa kulala.

Hata hivyo, simulizi inayogusa moja kwa moja mfupa, uchovu na mwendo ni ile ya Yakobo katika Kitabu cha Mwanzo. Wasomaji wengi hukomea sura ya 32, ambamo Yakobo anashindana mweleka usiku kucha kando ya mto Yaboki, uvungu wa paja lake unateguka, na asubuhi anavuka Penieli akichechemea huku amebarikiwa. Sura ya 33 husomwa kwa haraka, ingawa ndiyo inayoonyesha jinsi mtu aliyeumia anavyoishi baada ya baraka. Esau, kaka yake mwenye nguvu na watu 400, anamtaka waondoke pamoja, naye atangulie mbele. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wachanga, kondoo na ng'ombe wananyonyesha, na wakikimbizwa siku moja tu kundi lote litakufa, bwana wake atangulie, naye atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Mfugaji yeyote wa Endulen au Nainokanoka anaielewa hoja hiyo bila mfasiri, kwa sababu kundi lenye ndama haliswagwi kwa kasi ya fahali, na anayefanya hivyo jioni huhesabu hasara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Yakobo halitaji paja lake. Anauweka mwendo wa polepole juu ya msingi wa wote walio dhaifu katika msafara, na kwa kufanya hivyo udhaifu wake unapata mahali pa kukaa bila kuomba msamaha. Hapa inapatikana kanuni ambayo methali ya mgeni na jembe haikuwa nayo. Methali inauliza mtu amekaa siku ngapi. Simulizi inauliza msafara una nani ndani yake. Kwa swali la kwanza, mchovu atashtakiwa kila kalenda inapogeuka. Kwa swali la pili, yeye ni mmoja wa wale ambao kila familia inao nyakati zote, yaani mama aliyejifungua juzi, mtoto anayejifunza kutembea na mzee anayepumzika njiani, na familia ambayo haina mwendo wa kuwatosha hao haiendeshwi vizuri hata kama hakuna aliyevunjika mfupa.

Mila za wenyeji wa eneo hili hazikuwa ngeni kwa kanuni hiyo. Wamasai wana desturi ya olpul, ambayo ni kambi ya porini au pangoni ambako wanaume, hasa morani, hujitenga kwa siku au wiki kadhaa, huchinja, hula nyama na kunywa supu iliyochemshwa pamoja na magome na mizizi, kama ile ya olkiloriti, ili kujenga nguvu. Na mtu ambaye ugonjwa umemdhoofisha ameweza kupelekwa huko arejeshewe mwili. Msingi wa olpul ni kwamba kurudisha nguvu ni shughuli yenye mahali pake, chakula chake, muda wake na wenzi wake, na anayeishiriki hatazamwi kama mtu asiye na kazi. Lakini neema hiyo haikugawanywa sawa. Mwanamke hakuwa na nafasi katika kambi ya morani, na ingawa mama aliyejifungua alipewa uangalizi wake, mama aliyevunjika mguu leo, awe Mmasai wa Ngorongoro au Mwiraqw wa Karatu, mara nyingi huuguzwa mita chache kutoka katika jiko analotarajiwa kulirudia. Kwa mwanamke, kazi inayomwita iko ndani ya chumba chake cha ugonjwa.

Kwa upande wa watoto, jibu la kisasa linalofanana na olpul kwa maana yake limepatikana karibu na Arusha, katika makazi yanayoitwa The Plaster House, ambako watoto waliofanyiwa upasuaji, wakiwamo wale walionyooshwa miguu iliyopinda, hukaa wakipata chakula, mazoezi na ulinzi wa vidonda mpaka wawe tayari kurudi kwao. Kuwapo kwa makazi hayo ni kukiri kwamba upasuaji bila muda wa kupona ni kazi iliyoachwa nusu. Kinachobaki ni kukiri kwamba watu wazima nao wana haki ya muda huo, hata pale ambapo hakuna jengo la kuwapokea.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Wapo watakaosema kwamba kumhurumia mchovu kupita kiasi ni kumdhuru, kwa sababu kulala sana hunywesha misuli, hukaza viungo, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na huweza kumzoesha mtu kukata tamaa. Pingamizi hilo ni la kweli, na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, husisitiza kwamba mgonjwa aanze kujongea mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Lakini mwendo wa polepole bado ni mwendo. Yakobo hakujenga kambi pale Penieli. Aliendelea mpaka Sukothi. Mchovu, kwa hiyo, ana wajibu wake: kufanya leo kile kidogo alichopangiwa, kukiongeza kwa vipimo badala ya kukipita siku akijisikia vizuri, kula chakula cha kujenga mwili kama maharage, mayai, maziwa, dagaa na mboga za majani, na kusema kweli anapoulizwa hali. Ana pia wajibu wa kutambua kwamba si kila uchovu unastahili kuheshimiwa, kwa maana uchovu unaozidi badala ya kupungua, au unaofuatana na homa, usaha, kuvimba mguu, kukosa pumzi, weupe wa macho na viganja, au huzuni inayomfanya mtu asione sababu ya kuishi, ni dalili ya kurudi hospitali, na kuustahimili kwa jina la subira ni kosa.

Subira yenyewe, ambayo dini zote mbili huisifu, inahitaji kueleweka upya katika muktadha huu. Mara nyingi huhubiriwa kwa mgonjwa kana kwamba ni yeye peke yake anayetakiwa kuwa nayo, ilhali anayengoja pamoja naye ndiye mwenye nguvu za kuchagua: mume anayeweza kuchota maji, kaka anayeweza kuahirisha mgawo wa shamba, jumuiya ya kanisa au msikiti inayoweza kupanga zamu za palizi, na mwenye pikipiki anayeweza kusamehe hesabu ya mwezi. Mchovu hana uamuzi juu ya kasi ambayo mfupa wake unaungana; hao wengine wana uamuzi juu ya kasi wanayomdai. Maadili hukaa mahali penye uamuzi, na kwa sababu hiyo swali la mpaka lini atapumzika halikupaswa kuelekezwa kwa mgonjwa tangu mwanzo. Anayepaswa kulijibu ni Esau, mwenye watu 400, ambaye katika simulizi alikuwa na uwezo wote wa kumlazimisha ndugu yake aongeze hatua, akakubali kutangulia na kumwacha afike kwa wakati wake.